Jiko la nyumba ya zamani Bel-Air: ukuta, maji na umeme kabla ya karo

Swali la msomaji: «Tulinunua nyumba ya zamani mtaa wa Bel-Air, hapa Lubumbashi. Majirani wanasema ilijengwa miaka ya 1950. Jiko lina mita 3,20 kwa 2,80, na kando yake kuna depo ya mita 1,40 kwa 2,80. Ninataka kuvunja ukuta kati ya jiko na depo, kubandika karo juu ya sakafu nyekundu ya zamani na kutundika makabati ukutani. Fundi anasema ni kazi ya wiki 3. Lakini asubuhi maji yanatoka ya kahawia, ukuta unabanduka rangi kwa chini, na tukiwasha resho na birika pamoja umeme unakatika. Pesa haitoshi kufanya yote mara moja. Nianzie wapi? Na lile sinki la granito la zamani, nilitupe?»

Mama, zile wiki 3 za fundi wako zinatosha kubandika karo na kutundika makabati. Hayo mengine uliyoyataja nusunusu, maji ya kahawia, rangi inayobanduka, umeme unaokatika, ndiyo yatakayokula muda na pesa, nayo yote yanapita ndani ya ukuta au chini ya sakafu. Ukiyafunika kwa karo leo, utazivunja karo hizo mwakani kulifuata bomba lililotoboka. Kwa hiyo pesa ya mwanzo iende kwenye vitu ambavyo mgeni hataviona. Makabati yanaweza kungoja hata miaka 2, na jiko litapika vizuri tu.

Tuanze na ukuta, kwa sababu ndio unaoweza kumwangukia mtu.

Asipige mtu nyundo kabla hujapanda juu ya plafo. Nyumba nyingi za miaka ile zina tundu la kupandia darini, kwa kawaida kwenye koridori. Panda na tochi uangalie: ukuta unaishia kwenye plafo, au unaendelea kwenda juu kuelekea malata? Kuna mbao za paa zilizokaa juu yake? Na boriti za plafo zinakwenda sambamba na ukuta, au zinapita juu yake na kuungana hapohapo? Ukuta unaoendelea juu, au wenye mbao zilizoungana juu yake, unabeba mzigo, hata ukiwa mwembamba. Mafundi wengi hupima kwa unene peke yake: sentimita 12 ni wa kugawanya, 22 ni wa kubeba. Kipimo hicho husaidia katika nyumba ambayo haijaguswa. Katika nyumba iliyobadilishiwa paa kinadanganya, kwa sababu fundi wa paa huenda alisimamisha kiguzo cha mbao juu ya ukuta wowote uliokuwa karibu naye.

Kisha chokoa kiungo kati ya tofali kwa msumari. Ukiingia sentimita 2 bila nguvu na unga ukamwagika, tofali zimejengwa kwa udongo, au kwa chokaa iliyochoka. Tofali zenyewe, za udongo wa kichuguu uliochomwa, mara nyingi bado ni nzima. Kinachoziachanisha ni mtetemo wa nyundo kubwa, na ufa unatokea chumba cha pili, ambako hakuna anayeangalia. Ukuta wa namna hiyo hukatwa kwa mashine ya diski na patasi, tofali mojamoja, kuanzia juu.

Mimi nisingeuondoa wote. Fungua mita 1,80 katikati, uache sentimita 50 kila upande. Utapata mwanga na njia pana, na ukuta utabaki na miguu miwili. Juu ya uwazi huo panakaa lento ya beto. Kama ukuta una sentimita 22, njia salama kuliko zote ni kutengeneza lento mbili nyembamba uani, kila moja sentimita 11 kwa upana, 25 kwa kimo na mita 2,30 kwa urefu, ili kila mwisho ukalie ukuta sentimita 25. Ndani ya kila moja weka nondo 2 za milimita 12 chini, 2 za milimita 10 juu, na pete za milimita 6 kila sentimita 15. Kwa zote mbili utanunua nondo moja ya 12, moja ya 10 na mbili za 6, zile za urefu wa mita 12. Nondo zisiguse ubao wa chini: ziinuliwe kwa vijiwe vya beto vya sentimita 2,5, la sivyo kutu itaipasua lento baada ya miaka michache. Beto ni mfuko mmoja wa simenti ya 42,5 wa kilo 50, lita 70 za mchanga na lita 105 za kokoto. Maji yasizidi lita 25. Fundi akiongeza maji ili beto «iteremke vizuri», anaipunguzia nguvu.

Andika kwa kalamu upande wa juu, kwa sababu lento iliyogeuzwa inapasuka. Zifunike kwa magunia, uzimwagie maji kwa wiki ya kwanza, na uziache siku 21. Siku ya kuziweka, boriti za plafo zishikwe kwanza kwa nguzo pande zote mbili za ukuta, kila mita 1, juu ya ubao ili zisitoboe sakafu. Ukuta ukatwe mfereji upande mmoja, nusu ya unene. Ingiza lento ya kwanza, ambayo ina uzito wa kilo 150 hivi, kwa hiyo wanaume wanne. Nafasi ya juu ijazwe kwa simenti kavukavu inayogongwa kwa kijiti. Ngoja siku 4, fanya upande wa pili, ngoja tena siku 4. Ndipo tofali za chini zitolewe. Ukikuta ufa wa mshazari tayari upo juu ya mlango wa karibu, au ukuta unabeba dala ya beto, acha yote hayo na umlipe injinia aje kuangalia. Siku moja yake ni rahisi kuliko paa.

Rangi inayobanduka chini

Maji yanapanda kutoka ardhini kwa sababu chini ya ukuta hakuna kitu cha kuyazuia, au kilikuwepo kikafunikwa. Toka nje upime. Katika nyumba nyingi za zamani, miaka ya kufagia, kupanda maua na kumwaga kifusi imeinua ardhi ya nje hadi kuipita sakafu ya ndani. Mvua ya Novemba hadi Machi ikipiga hapo bila mfereji wa malata, ukuta unakunywa. Chimba ushushe ardhi ya nje mpaka iwe sentimita 15 chini ya sakafu ya jiko, kisha mwaga ukanda wa beto wa sentimita 70 wenye mteremko wa sentimita 2 kuelekea nje. Weka mfereji kwenye malata. Kazi hii ni ya jembe na mifuko 3 au 4 ya simenti, nayo ndiyo inayodharauliwa kuliko zote.

Ndani, bandua plasta iliyooza hadi sentimita 30 juu ya alama ya unyevu. Fundi atataka kupaka simenti nzito «izuie maji». Mkatalie. Simenti nzito haiyaondoi maji, inayasukuma yapande juu zaidi, nawe utakuta doa lilelile kwenye kimo cha bega. Tumia sehemu 1 ya simenti, 1 ya chokaa, 6 za mchanga, na uache ukuta upumue kabla ya rangi. Ukuta uliolowa hukauka polepole sana, kama mwezi kwa kila sentimita 2,5 za unene. Ndiyo maana kazi ya nje ifanyike Aprili mwishoni mvua zinapokwisha, na plasta ya ndani ingoje hadi Julai au Agosti, ukuta ukiwa umepata miezi ya jua.

Maji safi na maji machafu

Maji ya kahawia ya asubuhi ni kutu ya bomba lako mwenyewe: maji yamelala usiku ndani ya chuma cha galva ambacho zinki yake imekwisha. Kama yangekuwa ya REGIDESO, shirika la maji, yangetoka ya kahawia hata mchana baada ya kufungua muda mrefu. Hakikisha kwa ndoo ya lita 10. Ijaze kwenye robine iliyo karibu na konteri, hesabu sekunde, kisha ijaze jikoni. Ikijaa kwa sekunde 40 kule na kwa dakika 2 huku, bomba limezibwa na kutu kwa ndani, hata kama nje linang'aa. Fanya hivyo saa ileile, maana presha ya mtaa inabadilika.

Usiunganishe kipande kipya katikati ya bomba bovu. Kila kiungo cha chuma kizee ukikikaza kwa ufunguo, kinachofuata kinavuja. Vuta njia mpya ya bomba la plastiki la PPR kutoka konteri hadi jikoni, milimita 25, na matawi ya milimita 20 kwenye sinki. Pita ukutani au nje ya ukuta ndani ya mfereji, wala si chini ya sakafu. PPR huunganishwa kwa pasi yenye joto la digrii 260: bomba la 20 hushikwa kwenye pasi sekunde 5, la 25 sekunde 7, kisha linasukumwa moja kwa moja bila kuzungushwa. Fundi anayehesabu kwa macho hulichoma kupita kiasi, plastiki inavimba ndani na tundu linabaki jembamba kama la kalamu. Kata kiungo kimoja cha majaribio kwa msumeno uangalie ndani kabla hajaendelea. Na usiweke shaba halafu galva mbele yake. Maji yakipita kwenye shaba kwanza, yanakwenda kuila galva.

Kabla ya kuziba mifereji, funga robine zote jioni, fungua konteri, andika namba, na uisome alfajiri. Ikisogea, tafuta. Piga picha za ukuta wazi na metre ikiwa imelazwa juu yake. Siku ya kutoboa tundu la kabati utajua pa kutotoboa.

Maji machafu yana ugonjwa wao wa Lubumbashi. Mafuta ya mawese yanaganda kwenye baridi, na usiku wa Juni na Julai hapa unaweza kushuka chini ya digrii 10. Mafuta yaliyoteremka ya moto yanakutana na bomba la baridi, yanaganda, unga wa bukari unayashika, na Agosti sinki linagoma. Bomba la sinki liwe la milimita 50, lisiwe 32 wala 40, literemke sentimita 2 kwa kila mita. Likilala sana, uchafu unabaki. Chini ya sinki iwepo sifoni yenye maji ya kimo cha sentimita 5, ya aina inayofunguliwa kwa mkono. Nje, kabla ya shimo la kunywea maji, jenga kisanduku cha kunasa mafuta: sentimita 50 kwa 50, kina 60, kimepakwa simenti laini ndani, maji yakiingia juu na kutoka kwa kona ya bomba iliyozama sentimita 25 chini ya uso. Mafuta yanaelea na kubaki. Yachote kila wiki mbili kwa mkebe. Ukisahau miezi 3, kisanduku hakina kazi tena.

Bomba la zamani la udongo au beto chini ya sakafu lijaribu kwa kumwaga lita 20 mara moja. Yakirudi juu, au yakichelewa kufika nje, kuna mzizi wa mwembe au wa mparachichi umeingia kwenye kiungo. Usihangaike kulizibua: lifunge kwa beto pande zote mbili na upitishe jipya nje ya nyumba.

Umeme

Resho ya wati 2000 na birika la wati 2000 ni wati 4000. Gawanya kwa volti 220, ni ampea 18. Fyuzi ya 15 au 16 ikikata hapo inafanya kazi yake. Hatari ni mtu kukuletea «suluhisho»: fyuzi kubwa zaidi, au uzi wa shaba uliosokotwa juu ya ile ya porseleni. Basi kinachokata si fyuzi tena, ni waya wa milimita 1,5 ndani ya ukuta, ambao mpira wake una miaka 70 na unavunjika ukiukunja. Kwenye baadhi ya tablo za zamani kuna fyuzi kwenye nyuzi zote mbili. Ile ya nyutro ikikata, taa inazima lakini prizi bado ina moto. Pima kwa kipimo kila mara.

Usitengeneze waya wa zamani, utelekeze. Vuta kebo moja ya milimita 10 kutoka tablo kubwa hadi tablo ndogo ya jikoni, yenye diferansheli ya miliampea 30, kile kifaa kinachokata umeme ukianza kuvuja. Kutoka hapo: laini moja ya milimita 6 yenye dijonkteri (swichi inayojikata yenyewe) ya ampea 32 kwa resho kubwa yenye furu, laini mbili za 2,5 zenye 20 kwa prizi, moja ya 2,5 ya friji peke yake, na moja ya 1,5 yenye 10 kwa taa. Prizi ziwe kimo cha sentimita 110, zisikaribie sinki chini ya sentimita 60. Kama pesa imekwisha, ziba mifereji ikiwa na tyubu tupu na uzi wa kuvutia ndani. Waya utaingia mwakani bila kuvunja kitu. Friji iwe na regileta, maana umeme ukirudi haurudi taratibu.

Tunaishi juu ya shaba, lakini sokoni kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba unaouzwa kama shaba tupu. Ukwangue kwa kisu. Ukiona weupe, urudishe: unapata moto kwenye vis vya prizi na kulegea wenyewe.

Na hapa pana mtego ambao maji na umeme wanautega pamoja. Katika nyumba nyingi za zamani waya wa ardhi, kama upo, umefungwa kwenye bomba la maji la galva. Siku fundi wa maji anapoweka PPR, ardhi ya nyumba nzima inakatika na hakuna anayejua, mpaka mtu anaposhika friji akiwa na miguu mitupu. Kwa hiyo chomeka fimbo ya ardhi siku hiyohiyo: urefu wa mita 1,5 au zaidi, mahali panapobaki na unyevu. Pima ukinzani wake Septemba, ardhi ikiwa imekauka kabisa, sio Januari. Iwe chini ya omu 100. Ikizidi, chomeka ya pili mita 3 kutoka ya kwanza na uziunganishe.

Mbabula itakaa wapi?

Unataka jiko la wazi, lile watu wanaita «amerikeni». Kuelekea depo, sawa. Kuelekea saluni, nakushauri hapana, kwa sababu umeme ukikatika utarudi kwenye makala, na harufu ya samaki thomson wa kukaanga haiulizi ruhusa ya kuingia kwenye makochi. Jiko la Lubumbashi lisilokuwa na mahali pa mbabula linaishia na mpishi mlangoni, upepo ukimpiga moshi usoni.

Hesabu ya kimo watu huikosea. Mtu anayesonga bukari anahitaji mdomo wa sufuria uwe chini ya kiwiko chake kwa sentimita 25 hadi 30. Kiwiko kikiwa mita 1, mdomo uwe sentimita 70 hadi 75. Mbabula ina sentimita 25, sufuria 25. Basi jukwaa lake liwe na kimo cha sentimita 20 hadi 25 tu. Ukiiweka juu ya meza ya kawaida ya 90, sufuria inafika kidevuni, na hapo ndipo uji wa moto unamrukia mpishi. Jenga jukwaa la tofali la sentimita 90 kwa 80 kwenye kona. Resho nayo, siku ya bukari, ikae hapohapo juu ya tofali mbili zilizolazwa.

Kabla ya kujenga bomba la moshi, angalia juu ya malata upande wa jiko. Nyumba hizi zilipikiwa kwa stovu za kuni, na mara nyingi mnara mfupi wa tofali bado upo, umezibwa kwa kipande cha bati. Ufungue, utoe viota, washa gazeti chini: moshi ukivutwa, umepata kitu cha bei. Kama haupo, jenga tundu la sentimita 20 kwa 20 linalopita kilele cha paa kwa sentimita 60, na kofia ya moshi juu ya jukwaa, ukingo wake ukiwa mita 1,75 kutoka sakafuni. Hewa ya kutoka inahitaji hewa ya kuingia, kwa hiyo acha tundu la 20 kwa 20 chini ya ukuta, lenye wavu wa panya. Usilizibe Julai. Makala yanatoa gesi isiyo na harufu wala rangi, na kichwa kuuma na kichefuchefu ni dalili za kwanza kabla mtu hajazimia. Mtungi wa gesi, ukiutaka baadaye, ukae nje ya ukuta; gesi yake ni nzito kuliko hewa na hulala chini, kwa hiyo tundu hilohilo litasaidia.

Plafo na rangi za zamani

Kama plafo ni vibati vya kijivu vigumu, eterniti ya miaka ile, chukulia kuwa ina amianti, nyuzi ambazo vumbi lake linadhuru mapafu. Ikiwa nzima, usiikate wala kuikwangua wala kuitoboa: ipake rangi uiache. Ikibidi itoke, iloweshe kwanza kwa maji yenye sabuni kidogo, toa misumari taratibu, ishushe nzima bila kuivunja, ifunge kwa plastiki mara mbili, na vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji, lisifagiwe. Watoto wasiwepo. Vipande visitumike kujazia shimo wala kutandikia kuku. Rangi ya mafuta ya zamani milangoni nayo huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Isipigwe msasa mkavu.

Sakafu na makabati

Ile sakafu nyekundu, kama hailii mtupu ukiigonga kwa ufunguo, mimi ningeiacha. Imedumu miaka 70. Karo za bei ya chini hazidumu 7. Karo juu yake zinashindwa kwa sababu ya nta iliyoingia miaka yote hiyo: gundi inaishika nta, haiishiki sakafu. Ukizitaka lazima, ng'oa nta kwa soda ya moto, chokoa uso wote kwa patasi, na ukumbuke milango itakatwa chini. Jiko na depo ni mita za mraba 12,9. Nunua 14,2 zenye namba ileile ya furushi, zisizoteleza. Pesa hiyo ingenunua waya wote wa umeme.

Makabati ya vumbi la mbao lililogandishwa usiyatundike. Tofali laini haishiki vis vya mzigo wa sahani, na mchwa wa Katanga hupita kwenye tundu la bomba bila kubisha. Ziba kila tundu la sakafu kwa simenti. Jenga kuta fupi za tofali kila sentimita 90, juu yake mwaga dala ya meza: mita 4 kwa sentimita 60, unene 7, nondo za milimita 8 kila sentimita 15 pande zote mbili. Itakula mfuko mmoja na robo wa simenti. Uwazi wa sinki uachwe kabla ya kumwaga. Milango ya chini iwe ya mulombwa, mchwa hawaupendi, nayo ianze sentimita 10 juu ya sakafu. Ukitaka etajeri ukutani, toboa bila kugongesha mashine, na kwa kitu kizito pitisha fimbo ya vis hadi upande wa pili na bamba la chuma.

Kwa mpangilio wa mwaka: Aprili na Mei ardhi ya nje, mfereji wa malata, maji machafu, na lento zimwagwe uani. Juni ukuta, kisha bomba na tyubu za umeme. Julai hadi Agosti plasta na jukwaa la mbabula. Meza na sinki Septemba, kabla ya mvua. Mlipe fundi kwa kila hatua iliyokaguliwa, na vifaa ununue wewe.

Sinki la granito, yaani vipande vya mawe vilivyogandishwa kwa simenti na kusuguliwa, usilitupe. Ni zito, halipati kutu, na ukubwa wake unapokea sufuria ya familia, kitu ambacho sinki la bati jembamba haliwezi. Likatwe ukutani kwa mashine, lisigongwe. Nyufa ndogo zijaze kwa simenti nyeupe iliyochanganywa na unga wa mawe ya rangi inayofanana, ngoja siku 7, kisha lisugue kwa jiwe la kunolea na maji, kuanzia la mikwaruzo mikubwa hadi laini. Tundu lake la zamani huenda halilingani na sifoni za leo. Nunua bonde (kile kitoleo cha maji kinachokaa kwenye tundu la sinki) la inchi 1½, na kama tundu ni pana, lizibe kwa simenti nyeupe ukiwa umesimamisha kipande cha PVC katikati. Usiliweke siki wala asidi ya kusafishia choo, maana chokaa iliyo ndani ya granito italika na uso utakuwa wa kukwaruza tena. Liweke chini ya dirisha.